Mbung'o, Baghala na Panya Buku: Kwa Nini Vita vya Kusini Vilibebwa Vichwani

Basi linalotoka Lindi kwenda Masasi hupita Mnazi Mmoja, Mtama, Nyangao na Ndanda, na abiria hushuka saa chache baadaye bila kuifikiria njia yenyewe. Mwaka 1917 bonde hilo la Lukuledi lilikuwa uwanja wa vita kati ya Waingereza na Wajerumani. Unga na risasi zilipanda humo vichwani mwa watu, na majeruhi wa mapigano ya Mahiwa wakateremshwa humohumo mabegani mwao.

Ukisoma habari za Vita Kuu ya Kwanza kwa upande wa Ulaya, farasi hakosekani. Inakadiriwa kuwa farasi, baghala na punda wapatao milioni 8 walikufa katika vita hivyo. Ukisoma za Lindi na Mtwara, mnyama huyo anaonekana mwanzoni kisha anatoweka, na nafasi yake inashikwa na mpagazi. Ukiuliza sababu utajibiwa kwa neno moja: mbung'o. Jibu hilo ni sahihi, ila halitoshi. Mbung'o peke yake haelezi kwa nini jeshi lenye meli, fedha na madaktari wa mifugo lilishindwa kuendelea kuleta wanyama wengine. Kuna usubi, kuna maji, kuna mvua, na kuna hesabu ya posho ambayo ndiyo iliyoamua mambo. Tuvichukue kimoja kimoja.

Kwanza neno lenyewe. Katika makala hii tunasema baghala kwa mnyama anayezaliwa na punda dume na farasi jike. Siku hizi wengi humwita nyumbu, lakini nyumbu ni huyohuyo wa Serengeti, na mkanganyiko huo umewaponza waandishi wengi wanaotafsiri habari za vita. Baghala ni neno la zamani la pwani, nasi tunalirudisha kazini.

Kazi ambazo jeshi humpa mnyama

Kazi za wanyama vitani ni nyingi, ila zote zinaangukia kwenye mafungu machache. Kuna mnyama anayebeba au kuvuta: farasi, baghala, punda, ngamia, ng'ombe, tembo. Kuna anayepeleka ujumbe, na hapa njiwa hana mpinzani. Kuna anayetumia pua au masikio kutambua kile ambacho binadamu hawezi: mbwa, panya, na baharini pomboo, ambao jeshi la majini la Marekani limekuwa likiwafundisha tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 kutafuta mabomu yaliyotegwa majini. Na kuna mnyama wa kutisha, anayepelekwa mbele ili adui akimbie. Wasomaji wa pwani wanamjua huyo wa mwisho kupitia Suratul Fiil, habari ya jeshi lililoiendea Makka likiwa na tembo.

Njiwa anastahili sentensi chache kwa sababu watu humwelewa vibaya. Haendi popote unapomtuma. Anajua kurudi nyumbani tu, kwenye kibanda alikozoeshwa. Kwa hiyo jeshi humchukua kutoka kibandani, humpeleka mstari wa mbele ndani ya kikapu, humfunga karatasi kwenye kimrija mguuni, kisha humwachia arudi. Ukihamisha kibanda inabidi umzoeshe upya, na hiyo si kazi ya siku moja. Ndiyo maana njiwa alifaa sana Ufaransa, ambako mahandaki yalikaa mahali pamoja kwa miaka. Njiwa wa Wamarekani aliyeitwa Cher Ami alipata sifa huko Oktoba 1918 baada ya kufikisha ujumbe akiwa amejeruhiwa kwa risasi. Huku kusini kikosi kililala Mtama leo na kesho kikawa kwingine. Njiwa wa namna hiyo angerudi kwenye kambi iliyokwisha kuhamwa.

Nyuki wa Tanga nao hutajwa sana. Novemba 1914, Waingereza waliposhambulia Tanga, risasi ziliparaganya mizinga iliyokuwa mitini, na nyuki wakawavamia askari. Baadhi ya Waingereza waliamini kuwa Wajerumani waliwatega makusudi. Haikuwa hivyo. Nyuki waliuma pande zote mbili, na hakuna aliyewatuma.

Tuyaache hayo. Katika vita vya nchi kavu, mnyama aliyeamua ushindi au kushindwa alikuwa wa mizigo, na ndiye tunayemfuatilia.

Jinsi mbung'o anavyomuua farasi

Mbung'o, dume na jike, hula damu tu. Hushinda kivulini, kwenye mashina ya miti na vichaka vya miombo, akisubiri kitu kinachopita. Huvutwa na mwendo, na rangi nyeusi au buluu iliyokolea, na pumzi na harufu ya mkojo wa mnyama. Ndiyo maana mitego ya kisasa hushonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi. Msafara wa farasi mia mbili, wenye jasho na pumzi nzito, wakipita taratibu kwenye miombo saa tatu asubuhi, kwake ni karamu.

Kuumwa kwenyewe hakumuui farasi. Kinachomuua ni vijidudu vya damu viitwavyo tripanosoma, vinavyoingia na mate ya mbung'o. Wanyamapori wa huku, kama pofu, nguruwe pori na tandala, huishi navyo bila shida kubwa, na hivyo huwa ghala lisiloisha. Farasi aliyetoka Afrika Kusini au India hana kinga yoyote. Baada ya wiki moja hadi tatu huanza homa inayokuja na kuondoka. Damu hupungua nguvu, macho hutoa machozi, tumbo na miguu huvimba kwa chini, mbavu huanza kuhesabika ingawa anakula. Mwishoni miguu ya nyuma hulegea, akilala haamki. Mnyama aliyepumzishwa zizini anaweza kwenda miezi. Aliyebebeshwa mzigo kila siku huenda wiki tu.

Sasa angalia tatizo la daktari wa mifugo wa wakati ule. Alikuwa na hadubini, aliweza kuchukua tone la damu sikioni na kutafuta vijidudu. Lakini tripanosoma huongezeka na kupungua kwa mawimbi. Farasi aliyepimwa siku wimbi limeshuka huonekana mzima, hupewa tandiko, hupelekwa mbele, naye hubeba vijidudu hadi katikati ya wenzake. Hapo mbung'o wa eneo hilo, hata kama walikuwa wachache, hupata pa kunyonya na pa kuambukiza.

Dawa ya kweli haikuwepo. Zile ambazo wafugaji wa Kilwa na Liwale wanazijua leo, Berenil ya kutibu na Samorin ya kukinga, zilikuja miaka ya 1950 na baada yake. Mwaka 1916 farasi walipewa aseniki, yaani sumu yenyewe, kwa vipimo vidogo. Iliwaongezea siku za kusimama, haikuwaponya. Kipimo kikizidi kidogo kilimuua mnyama kabla ya ugonjwa. Lengo halikuwa kumwokoa farasi, bali kupata kwake wiki mbili au tatu zaidi za kazi. Hatuwezi kuandika hilo kwa wepesi. Ni uamuzi uliofanywa kwa kalamu, kuhusu viumbe wasioweza kukataa.

Kuna farasi waliopakwa mistari wakafanana na punda milia. Nia ilikuwa kuwaficha wasionekane kwa mbali. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kuwa nzi wanaouma hupata shida kutua kwenye mistari, hivyo huenda wale waliopakwa walipata nafuu ambayo waliowapaka hawakuiwaza.

Ukimkwepa mbung'o unakutana na usubi

Wenye misafara wa zamani walikuwa na njia yao: vuka msitu wenye mbung'o usiku. Mbung'o huruka mchana, hasa asubuhi na alasiri, na gizani hutulia. Ng'ombe wengi walipitishwa hivyo katika nchi hii kwa vizazi.

Kwa farasi njia hiyo ina shimo lake. Kuna ugonjwa mwingine, wa virusi, unaoenezwa na usubi wadogo sana ambao hutoka jua likizama na kuendelea hadi alfajiri, hasa karibu na maji yaliyotuama na baada ya mvua. Mapafu ya farasi hujaa maji, povu jeupe hutoka puani, na mnyama aliyekula vizuri asubuhi anaweza kuwa mzoga jioni. Farasi wasio na kinga hufa hadi 9 katika kila 10. Baghala hufa kama nusu. Punda wengi hupona.

Tazama fundo lilivyokazwa. Ukisafiri mchana unampa mbung'o. Ukisafiri usiku unampa usubi. Ukikaa juu, mbali na maji, unapunguza usubi lakini mnyama anakufa kiu. Ukishuka bondeni kwenye maji, unamkuta usubi na mbung'o wote wawili, kwa sababu vichaka vya kando ya mto ndivyo vyenye kivuli. Punda angefaa zaidi, maana usubi hawamuui, lakini mbung'o humuua naye, kwa mwendo wa polepole zaidi.

Mwaka 1916 vikosi vya wapanda farasi kutoka Afrika Kusini vilianzia Kilimanjaro kuelekea Kondoa na reli ya kati. Makumi ya maelfu ya farasi, baghala, punda na ng'ombe waliangamia mwaka ule katika koloni la Wajerumani. Septemba 1916 Waingereza waliteremka kwa meli Kilwa, Lindi na Mikindani. Vita vilipohamia huku mwaka uliofuata, kilichokuwa jeshi la farasi kilikuwa tayari kimegeuka jeshi la miguu.

Maji ya Makonde na matope ya Lukuledi

Anayeijua Newala hahitaji kuelezwa habari ya maji. Uwanda wa Makonde ni mchanga mwekundu unaomeza mvua yote. Juu hakuna kijito. Kabla ya mradi wa maji wa Makonde, kina mama walishuka mabondeni na kupanda tena na mtungi kichwani, na safari moja ilikula sehemu kubwa ya siku.

Mweke baghala hapo. Anahitaji lita 25 hadi 40 kwa siku, na juani kazini anataka zaidi. Kwa lita 30 tu kila mmoja, baghala 100 wanakunywa lita 3,000, sawa na madebe 150 ya lita 20. Nani atayapandisha madebe hayo? Wapagazi. Mnyama aliyeletwa apunguze mzigo wa watu anageuka kuwa mzigo wa watu.

Bondeni maji yapo, lakini kuna mvua. Kusini hupata msimu mmoja mrefu, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili na kuendelea, na udongo mweusi hugeuka gundi. Mnyama mwenye kilo 70 mgongoni huzama hadi magotini, hujinyofoa, huzama tena. Kwato zinazokaa kwenye matope siku nyingi hulainika na kuoza. Blanketi la chini ya tandiko halikauki, ngozi huchubuka, nzi hutaga, na kesho kuna mabuu kwenye kidonda. Jambo moja dogo lilifanya vidonda hivyo viwe vingi kuliko ilivyopaswa: tandiko hukatwa kwa umbo la mnyama mnene. Akikonda kwa homa, mfupa wa bega hutokeza, na tandiko lililomfaa mwezi uliopita sasa linamkata. Mchungaji mzuri hujaza nyasi kavu kwenye mto wa tandiko kila mnyama anapopungua, na hupima mizigo ya pande mbili ilingane, kwani tofauti ya kilo tatu tu hulivuta tandiko upande mmoja siku nzima. Mchungaji aliyepewa baghala kumi na mbili, huku naye ana homa, hafanyi hayo.

Hesabu ya posho

Hapa ndipo penye kiini. Chukua umbali wa kutoka Lindi hadi Masasi, kama kilomita 140. Mpagazi akienda kilomita 20 kwa siku, ni siku 7 kwenda na 7 kurudi. Mzigo wake ni kilo 25. Chakula chake ni kilo 1 ya unga au mchele kwa siku. Kama njiani hakuna cha kununua, na mwaka 1917 hakikuwepo kwa kuwa majeshi yote mawili yalikuwa yameshakomba maghala ya vijiji, basi atakula kilo 14 kutoka kwenye mzigo huohuo. Masasi zinafika kilo 11.

Askari 1,000 wakila kilo 1 kila mmoja, wanahitaji kilo 1,000 kila siku, yaani wapagazi 91 wanaofika kila siku. Safari yao ni ya siku 14, kwa hiyo barabarani wakati wote lazima wawepo wapagazi wasiopungua 1,274. Hiyo ni kwa unga tu. Hatujaweka risasi, dawa, mahema, wala wapagazi wanaougua. Kuweka vituo njiani, mmoja akamkabidhi mwingine mzigo, kunapunguza uchovu na kupotea njia, lakini hakubadili hesabu, kwa sababu matumbo ni yaleyale.

Sasa jaribu baghala. Anabeba kilo 70. Mpe kilo 3 za nafaka kwa siku, ambazo ni chache kwa mnyama wa kazi, na nyasi ajitafutie. Kwa siku 14 ni kilo 42. Anahitaji mtu wa kumwongoza, na tukisema mtu mmoja anaongoza wawili, nusu ya posho yake ni kilo 7. Jumla kilo 49. Zinafika kilo 21, ambazo hata hazitimizi kilo 22 zinazofikishwa na wapagazi wawili. Mahali pasipo na mbung'o, penye nyasi nzuri na barabara, baghala anashinda kwa mbali kwa sababu anadumu miaka. Hapa anadumu wiki kadhaa, yaani safari mbili, pengine tatu, baada ya kusafirishwa kwa meli kutoka mbali. Makamanda waliifanya hesabu hii, au waliifanyiwa na mizoga iliyolala kando ya barabara, wakafika kwenye jibu lilelile: kamata watu.

Magari mepesi yalisaidia kiangazi, yakaishia pale barabara ilipoishia. Wajerumani nao walijaribu anga. Novemba 1917 puto kubwa la kijeshi lenye injini, L59, liliondoka Jamboli nchini Bulgaria likilenga uwanda wa Makonde, likiwa na shehena ya tani zipatazo 15. Juu ya Sudan liliamriwa kugeuka, likarudi baada ya saa 95 angani na kilomita karibu 6,800. Tani 15 ni mizigo 600 ya kichwani. Shehena yote ya chombo hicho ililingana na msafara wa wapagazi wa ukubwa wa kawaida.

Waliochukua nafasi ya mnyama

Kule Sinai na Palestina ngamia mmoja alibeba majeruhi wawili, mmoja kila ubavu. Kusini majeruhi alibebwa kwa machela. Machela moja inataka watu 4, na kwa umbali mrefu inataka 8 ili wapokezane. Mapigano ya Mahiwa na Nyangao, tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, yaliwagharimu Waingereza zaidi ya watu 2,000 kati ya waliouawa na waliojeruhiwa, wengi wao askari wa King's African Rifles, yaani jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki, na Wanaijeria. Kila majeruhi 100 wasioweza kutembea walihitaji wapagazi 800, na watu hao ndio haohao waliotakiwa kuleta unga.

Wapagazi walikufa kwa sababu zinazofanana ajabu na za baghala: homa, mvua, chakula kibaya, mzigo usiopimwa kwa hali ya mwili. Unga wa mahindi uliosagwa vibaya na kupikwa haraka kwa kuni mbichi uliwaharisha watu waliozoea ndizi au wali. Kuhara damu, malaria na nimonia vilimaliza wengi kuliko risasi. Waliolala chini bila viatu waliliwa miguu na funza hadi wasiweze kutembea. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa wanakadiriwa kufikia laki moja. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na matamshi ya watu yakakigeuza kuwa Kariakoo, jina linaloendelea Dar es Salaam. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, wanaume, wanawake na hata watoto waliofuata msafara, hadi walipovuka Ruvuma kwa Ngomano tarehe 25 Novemba 1917 na kuingia Msumbiji.

Miaka hamsini baadaye jambo lilijirudia. FRELIMO ilipopigania uhuru kuanzia Septemba 1964, ikiwa na kambi Nachingwea, silaha zilivuka Ruvuma na kupandishwa ndani ya Msumbiji kwa vichwa na mabega, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na wanawake wa kikosi chao. Mbung'o alikuwa bado yupo.

Mnyama aliyefaa alikuwa wa hapahapa

Vita vya uhuru, na vile vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata kuanzia 1977 hadi 1992, viliiachia Msumbiji mabomu mengi ya kutegwa ardhini. Hapo ndipo alipoingia mnyama ambaye kila mwenye shamba la karanga au mihogo huku anamjua, na ambaye kwa wengine ni kitoweo: panya buku.

Shirika la APOPO, lililoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1997, linawafundisha panya hao katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Panya hao si wanajeshi, maana huingia baada ya vita kwisha, lakini kazi yao ni ileile ambayo majeshi huwapa mbwa. Ukimpima kwa mizani tuliyompimia baghala, utaona tofauti. Ana kilo moja na kitu. Anakula kiganja cha chakula. Anasafirishwa ndani ya kisanduku. Amezaliwa katikati ya magonjwa ya nchi hii. Anaishi miaka minane hivi, hivyo mafunzo ya miezi tisa yanalipa. Na bomu la kukanyagwa huhitaji uzito wa kilo tano hivi ili lilipuke, kwa hiyo hupita juu yake salama.

Mafunzo huanza akiwa na wiki chache, mara macho yakishafumbuka. Hubebwa mkononi, huzoeshwa sauti za watu, gari na redio. Kisha hufundishwa kwamba mlio mfupi wa kibonyezo, tik, maana yake chakula kinakuja, ndizi au karanga. Baada ya hapo huwekewa tundu lenye harufu ya TNT, yaani baruti inayojazwa ndani ya mabomu. Akishikilia pua hapo sekunde kadhaa, tik, anapata ndizi. Yanaongezwa matundu mengine yasiyo na TNT, naye hujifunza kuyapita. Halafu vyombo vyenye harufu hufukiwa kwenye mchanga, kisha kwenye udongo wa shamba, kina kikiongezwa kidogo kidogo. Mwisho ni mtihani kwenye eneo ambalo hata mwalimu aliye naye hajui mabomu yamefukiwa wapi. Akikosa hata moja, hafuzu.

Kutojua kwa mwalimu ni sharti kubwa kuliko linavyoonekana. Mwalimu anayejua bomu lilipo hukaza kamba bila kujitambua, au husimama sekunde moja zaidi, na panya hujifunza kusoma mkono wa mwalimu badala ya kunusa udongo. Panya wa namna hiyo hufaulu chuoni na kushindwa shambani.

Shambani, kwanza nyasi hukatwa fupi, mara nyingi kwa mashine yenye kinga. Njia salama husafishwa na watu wenye vitambua vyuma. Walezi wawili husimama kwenye njia hizo, kamba ikinyooshwa kati yao, na panya amevaa mkanda kifuani uliounganishwa na kamba. Huenda hadi upande wa pili, kamba inasogezwa nusu mita, anarudi. Akinusa TNT huparua udongo. Mlezi huweka alama kwenye ramani ya miraba. Panya wa pili hupitishwa palepale. Ndipo fundi mwenye kitambua vyuma huja, huchimba taratibu na kulilipua bomu mahali lilipo.

Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi humchukua panya nusu saa. Mtu mwenye kitambua vyuma anaweza kutumia siku nne. Mtu hachelewi kwa uvivu. Mtambo wake hulia kwa kila msumari, kizibo cha soda na ganda la risasi, na kila mlio lazima uchimbwe kama bomu. Panya hajali chuma, ananusa TNT pekee, na harufu hiyo huvuja polepole kupitia ganda la plastiki na kupanda kwenye udongo kwa miaka.

Udhaifu anao. Ni mnyama wa usiku, jua humuunguza masikio na mkia, hivyo hupakwa mafuta ya kukinga jua na kazi huanza alfajiri na kwisha kabla jua halijakolea. Upepo mkali hupeperusha harufu. Nyasi ndefu humshinda. Tena, penye bomu la kweli hapewi ndizi, kwa sababu wakati huo hakuna anayejua kama ameparua sahihi au amekosea, na kumtuza kosa ni kumfundisha kosa. Ndiyo maana hurudishwa mara kwa mara kwenye uwanja wa mazoezi, ambako anaweza kutuzwa kwa haki na asikate tamaa.

APOPO iliondoa zaidi ya mabomu 13,000 Msumbiji, kwa panya, watu na mashine pamoja. Septemba 2015 nchi hiyo ilitangazwa kuwa imesafishwa maeneo yote yenye mabomu yaliyojulikana. Panya Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kupelekwa Kambodia, aligundua mabomu 71 ya ardhini kabla ya kustaafu mwaka 2021. Mwenzake Ronin, huko huko Kambodia, amevuka 100.

Tumesema "yaliyojulikana" kwa makusudi. Panya hapelekwi porini kubahatisha. Kabla yake hupita watu wa kuuliza vijijini: mbuzi wa nani alilipuka, njia gani watu waliacha kuipita na tangu lini, askari walipiga kambi wapi. Jibu la mzee mmoja huweza kuokoa miezi ya kazi, na ukimya wake huacha bomu shambani. Kwa hiyo anayelima kando ya Ruvuma, au anayefukua visiki kwenye mapori yaliyopiganiwa, akikuta chuma cha duara, kopo la plastiki lenye kifuniko kigumu, waya uliotandazwa chini au ganda kubwa la risasi, asikiguse, asikitupie jiwe, na asichome moto shamba hilo. Arudi kwa nyayo zake mwenyewe, aweke alama ya kuonekana mbali, kama kitambaa mtini, kisha ampelekee habari mwenyekiti wa kijiji au kituo cha polisi, akitaja mahali hasa, na awazuie watoto na mifugo wasipite mpaka wataalamu wafike.